Vituo Saba vya Bibi Josette

Jumatatu asubuhi, mwishoni mwa mwezi wa sita, Delphine Sakanee alimkabidhi mwalimu mkuu ufunguo wa jiko la shule, akafunga kitambaa chake kichwani mafundo mawili, akateremka ufukweni mwa ziwa na kasia la marehemu baba yake begani. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Kwa miaka kumi na tisa kijiji kilimjua kwa supu ya mbaazi na mikate ya kikaangoni. Ukiwauliza watoto Delphine ni nani, watakuambia ni yule mama anayegonga sufuria kwa mwiko foleni ikileta fujo. Kwa mitumbwi hakuna aliyemjua.

Ufukweni alimkuta Zebedee, mtoto wa mjomba wake, ameshapakia. Kwao mtoto wa mjomba ni mtani wako tangu unazaliwa mpaka unazikwa, na siku akiacha kukutania ujue ana jambo moyoni.

"Furushi zito nimeliweka mbele," alisema Zebedee, "kisha nyuma utakaa wewe. Mtumbwi umekaa sawasawa."

"Na kichwa chako je? Au hicho kinaelea chenyewe?"

"Kinaelea. Ingia, mpishi. Na mwiko wako umeusahau."

Wakacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Wote wawili walijua wanakokwenda na kwa nini.

Mambo yalianza mwezi wa nne, barafu ikiwa bado ziwani kama kawaida ya kaskazini. Kulikuwa na mkutano ukumbini. Bwana mmoja wa ofisi ya misitu, jina lake Fenwick, kijana mrefu mwenye miwani na adabu zake, alitandaza ramani juu ya meza mbili zilizounganishwa. Kati ya Ziwa Mkono-Mrefu na Ziwa Shakwe palikuwa peupe, hapana hata nukta. Akaeleza kwa upole kwamba hapo peupe ndipo watakapopita wakata magogo kiangazi kinachofuata, wao na barabara yao. Pangekuwa na njia ya kubebea mitumbwi kutoka ziwa moja hadi jingine, sheria ingeiacha miti yote hatua mia mbili kila upande, na barabara ingetafutiwa pengine. Lakini njia hapo haipo.

"Ipo," alisema Bibi Josette, mama yake Delphine, akasimama kwa fimbo yake. Alikuwa na miaka themanini na mmoja na macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu. "Nimebeba humo tangu nina meno ya utoto mpaka mwaka ule wa moto. Ina vituo saba vya kuegeshea mzigo na kupumzika. Cha saba ukikifikia unasikia shakwe."

Fenwick aliandika yote hayo kwenye daftari lake. Kisha akasema, "Ni hadithi nzuri sana, bibi. Bahati mbaya ramani haichukui hadithi."

Hakuwa na nia mbaya. Lakini bibi alikaa chini, akavuta shali yake mpaka kidevuni, na kwa siku mbili hakusema na mtu yeyote ila birika lake la chai.

Delphine alikuwa anagawa chai mkutanoni. Akaweka upawa chini.

"Na mtumbwi je?" akauliza. "Ukiona mtumbwi umeingia Mkono-Mrefu ukatokea Shakwe kwa njia hiyo, utaandika?"

"Nikiuona, na nikionyeshwa njia, nitaandika," Fenwick alijibu. "Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa sita nitakuwa Ziwa Shakwe, kwenye kambi yenu ya kiangazi. Ndege itanichukua saa sita mchana, na ramani inakwenda kupigwa muhuri. Baada ya hapo, mama, hata mimi sitaweza kuigusa."

Nyuma ya ukumbi mtu mmoja akasema mpishi sasa atabeba mtumbwi kama sufuria. Watu wakacheka. Bibi Josette hakucheka, na hilo ndilo lililomkaa Delphine kooni mpaka Jumatatu ile.

Kabla ya safari alimuuliza mama yake, "Kutoka kituo kimoja mpaka kingine ni umbali gani?"

"Mpaka uchoke."

"Mama, mimi nataka hatua."

"Hatua nani alikuwa anahesabu? Tulikuwa tunabeba."

Akamwacha hapo. Bibi mwenyewe na kambi nzima wangekwenda Shakwe kwa ndege ya majini, kama wanavyofanya watu wote siku hizi. Hii ndiyo sababu njia ilisahaulika: ndege moja, moto mmoja, na miaka ishirini na sita.

*

Walipiga makasia mchana kutwa. Jioni wakafika mwisho wa Mkono-Mrefu, kwenye kihori, ghuba ndogo yenye mchanga, ambako kila mtu anajua kwamba zamani watu walishukia. Kabla hata ya kupakua, Delphine alitoa tumbaku mfukoni, akaweka kidogo juu ya jiwe la ukingoni, akaiomba njia ruhusa. Zebedee naye akaweka yake. Kisha wakatazama mbele yao.

Kulikuwa na misonobari midogo, myembamba kama vijiti vya kufumia, imesongamana kama manyoya ya mbwa. Ilikuwa imeota yote kwa pamoja baada ya moto. Katikati yake magogo ya kale yaliyoungua yalikuwa yamelala hivi na hivi. Zamani kila mti wa njiani ulikuwa na alama ya shoka usawa wa macho. Miti hiyo ilikuwa imekwenda na moto, na alama zake. Delphine na Zebedee walikuwa wamepita humo utotoni tu, wakifuata migongo ya wakubwa, na sasa hapakuwa na walichokitambua.

"Sasa tunafanyaje?" Zebedee aliuliza.

"Kesho tunaacha mzigo hapa na mtumbwi," alisema Delphine. "Tunaingia na shoka tu, wepesi. Tukishaiona njia, tunarudi kuchukua."

Zebedee alikubali mara moja, kwa sababu lilikuwa wazo la akili. Ndiyo maana liliwapotezea siku nzima.

Jumanne walipanda na kushuka toka umande mpaka jua lilipoanza kulala. Usubi uliwaingia masikioni na ndani ya mikono ya mashati. Mtu asiye na mzigo anapita popote: wakaruka magogo, wakapenya vichaka ubavuubavu, wakapanda mgongo wa mwamba kwa mikono na magoti kwa sababu juu palikuwa pakavu na pana upepo. Kutoka huko juu waliona miti, na nyuma ya miti, miti. Kituo hata kimoja hawakukiona. Waliporudi ufukweni Zebedee alikuwa amechanika suruali gotini, na Delphine uso wake ulikuwa umevimba kwa kuumwa.

"Umependeza," alisema Zebedee. "Mumeo akikuona atadhani ameletewa mpya."

"Washa moto, Zebedee."

Akamtazama, akawasha moto. Delphine alikaanga mkate kwenye mafuta, akachemsha chai nyeusi kama lami, na wakala samaki wa kukaushwa. Siku moja ilikuwa imekwenda bure. Walibakiwa na Jumatano nzima na Alhamisi mpaka saa sita. Delphine alikuwa anamuona mama yake amekaa kambini, anageuza sikio kila akisikia tawi linavunjika.

Ndipo, akikwangua kikaango, akajiuliza mama yake angekuwa anawatazama leo angesema nini. Akajua mara moja. Angecheka. Watu wawili wazima wanatafuta njia ya kubebea, na hawakubeba kitu!

*

Jumatano alfajiri, mwanga wa kwanza, alimwamsha Zebedee kwa mguu.

"Vaa mtumbwi."

"Vipi, umeiona njia?"

"Sijaiona. Vaa mtumbwi."

"Mwanamke huyu ananiua," Zebedee aliiambia miti. Lakini akauinamisha mtumbwi, akaupandisha mapajani, akauzungusha mara moja ukakaa mabegani kwa ule mti wa kati, uliokingama toka ubavu hadi ubavu, kichwa kikazama ndani. Ulikuwa mtumbwi wa mbao nyembamba uliovikwa turubai, urefu wake kama mita tano, na si mwepesi. Delphine alijifunga furushi lake kwa mkanda wa ngozi wa paji la uso, akaegemea mbele, shingo ikapokea uzito. Wakaondoka.

Na hapo mambo yakabadilika. Mtumbwi ulikataa. Pale walipopenya jana ubavuubavu, leo haukupita. Ulipofika chini ya ule mwamba, ulikataa kabisa kupanda. Zebedee alijaribu mara moja, pua ya mtumbwi ikagonga jiwe, akarudi nyuma akitukana. Kushoto palikuwa na kinamasi. Lakini kati ya kinamasi na mwamba palikuwa na ukingo mwembamba, unakwenda taratibu bila kupanda wala kushuka, na mtumbwi ukageukia huko wenyewe kama ng'ombe anayejua zizi.

"Fuata mtumbwi," alisema Delphine. "Usiuongoze, ufuate."

"Nimeubeba mimi, nitaufuataje?"

"Zebedee!"

"Naufuata, naufuata."

Delphine alitangulia na shoka, akakata miti midogo, akaacha mikubwa. Akaenda hivyo mpaka shingo ilipouma na macho yakaona nyota. Hapo akasimama, akatazama kulia, akatazama kushoto. Magugu na ukoka wa kijani, basi. Akatua furushi chini, akapapasa kila kichuguu. Hakuna kituo. Kulinyanyua furushi tena kutoka chini kulimchosha kuliko kulibeba, na ndipo akaelewa kwa nini wazee hawakutua mizigo chini.

Zebedee alikuwa ameegesha mtumbwi kwenye panda ya mti, amekaa chini yake kivulini. "Labda mama yako alikuwa anachoka upesi," alisema kwa utani.

Delphine akageuka polepole.

"Umesema nini?"

"Natania, binamu. Usinipige."

"Hapana, sema tena."

Mama yake alikuwa mwanamke mdogo, kimo chake kinamfika Delphine begani. Alizaa watoto tisa. Kila kiangazi alichopita hapa alikuwa na mmoja tumboni au mmoja mgongoni, amefungwa kwenye ule ubao wa kubebea watoto, ubao umekalishwa juu ya furushi. Delphine mwenyewe alipitishwa humu ana miezi minne, anatazama nyuma, anaona njia inavyokimbia. Mpaka uchoke, mama alisema. Lakini achoke nani? Delphine alikuwa amebeba furushi moja tu, bila mtoto juu yake, na nyama za supu ya shule miguuni.

"Nairudia tangu ufukweni," alisema.

"Tangu ufukweni! Mimi nimeleta mtumbwi mpaka hapa!"

"Wewe kaa. Pika chai."

Alirudi mpaka kihorini na furushi lake. Hapo akachukua mfuko wa unga na chuma cha shoka la akiba, akavifunga pamoja kwa kamba mpaka vikafanya kimzigo kigumu cha kilo saba hivi, akakikalisha juu ya furushi, pale ubao unapokaa. Akaingiza kichwa kwenye mkanda. Uzito ulimvuta nyuma, mpaka ilibidi afupishe hatua. Akawa anakwenda kama anavyokwenda mama mwenye mtoto, hatua ndogondogo, goti halinyooki sana, jicho liko chini. Hakuhesabu. Hakutafuta. Alibeba tu.

Chini ya mwamba, mbali kabla ya pale aliposimama mara ya kwanza, shingo ilikataa. Jasho lilikuwa linamwingia machoni, haoni. Aligeuka upande bila kufikiri, akakunja magoti kidogo, akarudi nyuma nusu hatua kutafuta chochote cha kuegemea. Na mzigo ukakaa.

Ulikaa wenyewe. Mkanda ukalegea kwenye paji la uso. Alisimama vilevile kwa muda, mikono inaning'inia, anahema, mgongoni mwake mzigo umetulia kama mtu aliyekaribishwa kiti. Kisha akajichomoa kwenye mkanda taratibu, akageuka. Lilikuwa tuta la kijani, chini kidogo ya nyonga. Jana alilipita hatua kumi pembeni, na asubuhi hii akalipita tena. Akang'oa ukoka kwa kucha, ukatoka kama blanketi, na chini yake yalikuwapo mawe matatu bapa, yamepangwa moja juu ya jingine, la juu limelala sawa kama meza. Mawe hayajipangi hivyo yenyewe. Na usawa wake ulikuwa wa mwanamke mfupi kuliko yeye.

"ZEBEDEE!"

Kutoka mbele msituni sauti ikajibu, "Chai bado!"

"Njoo hapa! Achana na chai!"

Alikuja mbio, akajikwaa, akayaona mawe. Alivua kofia. Akaweka kiganja chake juu ya jiwe la juu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama yangu naye alitua hapa."

"Mama yako, mama yangu, na wote."

Delphine akatoa tumbaku tena.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ngumu lakini haikuwa na fumbo. Delphine alikwenda mbele na furushi na kile kimzigo chake, ambacho Zebedee alishakipa jina la Mtoto Unga. Alipochoka, aligeuka, na mara nyingi kituo kilikuwapo, au kilikuwa hatua tano mbele. Kati ya kituo na kituo walianza kuisikia njia kwa nyayo. Juu ukoka ulikuwa laini, lakini chini yake kulikuwa na mfereji mgumu, ulioshindiliwa na miguu ya watu kwa miaka isiyojulikana. Ukikanyaga nje yake unazama. Ukirudi ndani, mguu unakuambia. Zebedee alikata, akarudi, akabeba mtumbwi, akarudi kuchukua furushi la pili walilokuwa wameliacha kihorini, na huko kurudi mikono mitupu ndiko kupumzika kwenyewe. Kituo cha pili, cha tatu. Cha nne kilikuwa kimeangukiwa na gogo, wakalikata. Cha tano walikifikia jioni, wakalala hapohapo pembeni yake, nguo zikiwa zimewagandia.

"Mtoto Unga amelia leo?" Zebedee aliuliza kabla ya kusinzia.

"Amejikojolea. Mfuko umelowa."

"Amefuata upande wenu."

*

Alhamisi walianza na umande. Kituo cha sita walikiona mapema, na moyo wa Delphine ukaanza kuimba. Kisha wakafika kwenye kinamasi.

Bibi Josette alisema hapo palikuwa na magogo yaliyolazwa ya kupitia. Yalikuwapo bado, lakini yamezama kiganja kizima chini ya maji meusi. Delphine alivuka kwanza, akipapasa kwa fimbo, maji yakimfika vifundoni. Akatua furushi ng'ambo, akageuka kumtazama Zebedee anakuja na mtumbwi kichwani. Alikuwa amekaribia kabisa. Gogo likaviringika. Zebedee akaingia mguu mmoja mpaka pajani, na mtumbwi ukamwangukia ubavuni.

Delphine alipomvuta nje, uso wa Zebedee ulikuwa mweupe. Goti lilikuwa limepindika vibaya. Alijaribu kusimama, akakaa tena chini.

"Halijavunjika," alisema kwa meno yaliyobana. "Lakini halibebi."

Jua lilikuwa limeshapanda. Delphine alikata fimbo mbili, akalifunga goti kwa kitambaa chake cha kichwani. Alipokuwa anakaza fundo, wakaisikia. Kwanza kama nyuki, kisha ikapita juu yao kwa ngurumo, ndege yenye viatu vya majini, inashukia upande wa Shakwe. Ilikuja kumchukua Fenwick.

Wakatazamana.

"Niache," alisema Zebedee. "Nitakuja na fimbo, polepole. Beba."

"Mtumbwi sijaubeba tangu nina miaka ishirini na mitatu."

"Basi umepumzika vya kutosha."

Delphine alicheka, ingawa alitaka kulia. Akausogelea mtumbwi, akaushika ule mti wa kati, akausimamisha ubavu, akauvuta mpaka mapajani. Akaushika ukingo wa ng'ambo kwa mkono mmoja. Akautikisa mara moja, mara mbili, kwa magoti kama alivyofundishwa na baba yake, na mara ya tatu akajirusha chini yake. Mtumbwi ukazunguka, ukakaa mabegani kwa kishindo. Dunia ikawa giza la turubai, na mbele yake kipande kidogo tu cha ardhi.

"Mpishi!" Zebedee alipiga kelele nyuma yake. "Kama sufuria!"

"Kama sufuria!" alijibu ndani ya mtumbwi, na sauti yake ikamrudia kubwa.

Alikwenda. Alikuwa haoni anga, haoni miti, anaona miguu yake miwili na mfereji ule wa kale ukienda mbele yake. Mabega yaliwaka moto. Kituo cha saba kilipita ubavuni, akakiona kwa chini, mawe matatu kama ndugu zake, na hakusimama, maana alijua akisimama hatanyanyua tena. Akasikia shakwe. Akasikia watu. Njia ikaanza kuteremka, na mara mwanga ukaingia chini ya turubai, mweupe, wa maji. Akatembea moja kwa moja mpaka maji yakamfika magotini, akaupindua mtumbwi ukaanguka ziwani paa! Akasimama hapo, kichwa wazi, nywele zimemgandia usoni, akaishika ncha ya mtumbwi usiende.

Kambi ilikuwa mwendo wa kutupa jiwe, kwenye ukingo uleule. Watu wakaacha walichokuwa wakifanya. Kisha mwanamke mmoja akapaza sauti, na wengine wote wakaidaka. Watoto walikuwa wanakimbia wanapiga sufuria kwa vijiko, wakimuigiza. Vijana wawili wakaingia njiani mbio kumfuata Zebedee.

Fenwick alikuwa na mguu mmoja tayari juu ya kiatu cha ndege. Aliushusha.

"Umetokea wapi?" aliuliza.

"Mkono-Mrefu," alisema Delphine. "Kwa njia ya mama yangu."

Rubani alitazama saa, akasema ana dakika arobaini tu. Fenwick akavua koti, akatoa ramani kwenye bomba lake, akasema yuko tayari kuonyeshwa. Bibi Josette alikuwa ameshafika ukingoni, ameshikwa mkono na mjukuu.

"Asiende mikono mitupu," alisema bibi.

"Mama, ana haraka."

"Akienda mikono mitupu hataona kitu. Mpeni unga."

Wakampa unga. Wanawake watatu walimfungia furushi lenye mifuko miwili, wakamvisha mkanda wa paji la uso, wakamrekebisha miwani isibanwe. Alikuwa mtu wa adabu, hakukataa. Delphine alitembea nyuma yake. Njia ilikuwa inapanda taratibu kutoka ziwani. Walipokwenda dakika kumi, masikio ya Fenwick yalikuwa mekundu kama nyanya. Baada ya nyingine tatu, akaanza kuyumba. Akageuka upande, magoti yamekunjika, akarudi nyuma anatafuta mahali. Mzigo ukakaa.

Alihema. Akafuta miwani. Akageuza shingo kutazama alichoegemea, akayaona mawe matatu yakichungulia chini ya ukoka uliokuwa bado haujaguswa.

"Haya aliyaweka nani?" aliuliza.

"Waliochoka kabla yako."

Fenwick akayapapasa mawe yale kwa vidole, la juu, la kati, la chini. Kisha akajichomoa kwenye mkanda, akatandaza ramani juu ya kituo chenyewe, kwa kuwa kilikuwa kimelala sawa kama meza, na akachonga penseli yake kwa kisu.

"Niambie," alisema. "Tangu mwanzo. Kila kituo kiko wapi."

Alimwambia. Ukingo kati ya mwamba na kinamasi, gogo walilolikata, mahali walipolala, magogo yaliyozama. Mstari ukatoka Mkono-Mrefu, ukapinda pale ulipopinda, ukashuka mpaka Shakwe, na juu yake nukta saba. Kando yake Fenwick akaandika kwa wino, akakosea herufi za jina, Delphine akamsomea tena, akazirekebisha: Njia ya Kubebea ya Josette Sakanee.

Waliporudi ukingoni, Zebedee alikuwa ameshafika, amebebwa mgongoni na kijana mmoja, anaeleza jinsi alivyookoa mtumbwi kwa goti lake. Fenwick alimwendea Bibi Josette, akainama ili macho yao yawe sawa, ingawa bibi alikuwa haoni vizuri.

"Bibi, imo kwenye ramani."

"Ilikuwapo kabla ya ramani yako," alisema bibi. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kinyongo, akampa kipande cha mkate cha kula njiani. Ndege ikaondoka imechelewa robo saa.

Ndipo bibi alipomvuta Delphine kwa kiwiko. "Cha saba ulipumzika?"

"Sikupumzika, mama. Nilikipita na mtumbwi kichwani."

Bibi alifikiri. "Mimi sijawahi kukipita," alisema, na uso wake wote ukacheka, kila kunyanzi. "Hata siku moja!"

Kulikuwa na tiketi za ndege za kurudi kijijini, lakini Ijumaa asubuhi watu kumi na wanne hawakuzitaka. Walifunga mafurushi, wakatafuta mikanda ya zamani kwenye masanduku, wakavaa mitumbwi mitano. Delphine alitangulia. Mtumbwi mabegani, giza la turubai juu, na mbele yake ardhi kipande tu, na nyayo za jana. Nyuma yake alisikia mjukuu wake analalamika kwamba mzigo ni mzito, na mwingine anauliza kama bado ni mbali, na Zebedee, aliyebaki kambini na goti lake, anawatukana wote kwa majina kutoka ufukweni mpaka sauti yake ikapotea. Delphine alikaza mwendo, na safu nzima ikamfuata.